Kufunga injini kwenye ndege ya kujijengea: mipira, waya na klempu kabla ya mlio wa kwanza

Injini mpya ikitoka kwenye sanduku inakuwa imeshapimwa kiwandani. Kazi inayobaki ni yetu tunaoifunga: kuipelekea petroli, oili, maji, hewa na moto wa plagi bila kukatika. Nimefunga injini za boti hapa Tanga kwa miaka mingi kabla sijagusa ndege, na kote kuwili nimeona jambo lile lile. Pistoni na krenki havikuangushi haraka. Kinachokuangusha ni kipande cha mpira, klempu iliyokazwa nusu, au waya unaosuguana na ukingo wa bati. Boti ikizima unatupa nanga ukasubiri kuvutwa. Angani hakuna pa kutupa nanga, na ndiyo maana nimeandika mwongozo huu kwa kirefu kwenye vitu vidogo na kwa kifupi kwenye vikubwa.

Tunayozungumzia ni Rotax 912 ULS, inayotengenezwa Gunskirchen, Austria. Ina silinda 4 zilizolala, mbili huku na mbili huku, ujazo wa sentimita za ujazo 1352, na nguvu farasi 100 ikizunguka mara 5800 kwa dakika. Vichwa vya silinda vinapozwa kwa maji, silinda zenyewe kwa upepo. Giaboksi ya mbele inapunguza mzunguko mara 2.43, hivyo injini ikiwa 5800 propela inazunguka kama mara 2390 tu. Sisi tunaifunga kwenye Zenith CH 701, ndege ya viti viwili ya bati la alumini aliyoibuni Chris Heintz. Kama injini yako ni nyingine, mpangilio wa kazi unafanana, ila vipimo vichukue kwenye kitabu cha mtengenezaji wako. Hata kwa 912, kitabu cha mtengenezaji kikitofautiana nami, fuata kitabu.

Kabla ya spana

Nenda kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ukaongee nao kabla hujanunua hata riveti. Usisubiri ndege iishe ndipo uanze kuuliza ruhusa. Kisha nunua daftari gumu. Kila bolti unayoikaza inaandikwa: tarehe, mahali, nguvu ya kukaza, nani kakaza na nani kahakiki. Piga picha kila kitu kabla hakijafunikwa. Mimi sikubali mtu mmoja akaze na kuhakiki mwenyewe, hata kama mtu huyo ni mimi.

Utahitaji spana ya toki, yaani inayopima nguvu ya kukaza, ya vipimo vidogo (ya malori haifai), koleo la kusokota waya, mita ya umeme, tochi kali, na rangi ya kucha ya mwanamke, nyekundu. Rangi hiyo ni ya kuweka alama: bolti ikishakazwa unachora mstari mmoja unaovuka nati na kuingia kwenye bati. Siku mstari ukikatika, utaona kwa jicho kwamba nati imesogea.

Hatua ya 1: ukuta wa moto

Ukuta unaotenga injini na miguu ya rubani ni bati jembamba la chuma kisichoshika kutu, kama milimita 0.4. Sababu yake ni rahisi. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, na moto wa petroli unazidi joto hilo. Kwa hiyo kila tundu unalotoboa kwenye ukuta huu ni mlango wa moto, na unapaswa kuufunga kwa pete ya chuma na lakiri ya kuzuia moto. Pete za mpira au plastiki usiziweke hapa.

Toboa matundu yote kabla injini haijatundikwa, maana baadaye drili haitapata nafasi. Ili kujua yatakaa wapi, kata maboksi ya karatasi yenye ukubwa wa tangi la oili, betri, regyuleta ya umeme na chupa ya maji, uyabandike ukutani kwa siku mbili tatu. Zunguka, inama, jiulize: nikitaka kubadilisha kitu hiki nitaingiza mkono wapi? Kifaa kisichofikika hakikaguliwi.

Hatua ya 2: kutundika injini

Ikiwa na vifaa vyake injini inapita kilo 60, kwa hiyo tumia cheni bloku, si mabega ya vijana. Ndege yenye gurudumu la mbele ikiwa haina injini hukalia mkia, basi iwekee tegemeo chini ya mkia na uache hapo hadi injini ikae na kukazwa.

Bolti za fremu ziingie kwa mkono. Ikiwa unalazimika kugonga nyundo, fremu haijakaa sawa, simama utafute kwa nini. Paka grisi ya kuzuia kutu kwenye shina la bolti. Sisi huku Raskazone tuko hatua chache toka baharini, na upepo wa kusi unaleta chumvi hadi ndani ya karakana. Nimewahi kuacha bolti safi mezani usiku wa Juni nikaikuta asubuhi ina madoa ya kahawia. Nati zenye pete ya nailoni ndani zisiwekwe upande wa injini, kwa sababu joto linailegeza nailoni. Tumia nati za kujifunga za chuma tupu, au nati za mataji na kotapini. Ukishakaza, nyuzi moja hadi tatu za bolti zionekane nje ya nati.

Hapo hapo, kabla hujasahau, funga waya mnene wa ardhi kutoka kwenye bloku la injini hadi kwenye fremu ya ndege. Injini imekalia mipira ya kupunguza mtetemo, na mpira haupitishi umeme. Ukikosa waya huu, umeme wa stata utatafuta njia nyingine ya kurudi, na njia hiyo mara nyingi huwa ni kebo ya akselereta. Inaungua.

Hatua ya 3: oili

Mfumo huu hauna karteri yenye oili chini kama gari. Oili inakaa kwenye tangi la pembeni. Pampu inaivuta kutoka tangini kupitia kipoza oili, kisha shinikizo la gesi ndani ya injini linaisukuma oili iliyotumika irudi tangini. Tangi likiwa juu mno, oili itavuja taratibu kuingia injini ikiwa imelala. Likiwa chini mno, pampu inahangaika kuvuta. Kitabu kinatoa mipaka ya kimo, ipime kwa rula.

Tangi lina midomo miwili inayofanana, iliyoandikwa IN na OUT. Andika pia wewe mwenyewe kwa kalamu kwenye mipira, kila ncha, kwa sababu kuigeuza ni kuua injini ndani ya dakika. Mpira wa kuvuta uwe na tundu pana, usikunjwe kona kali, na kila kiungo kiwe kikavu na kimebana. Hewa ikiingia upande wa kuvuta hutaona oili ikidondoka. Utakachoona ni shinikizo linalocheza kwenye geji.

Sasa hatua ambayo wengi wanairuka: kutoa hewa. Injini mpya ina hewa kwenye mipira, kwenye kipoza oili na ndani ya tapeti zake (vipande vinavyosukuma vali) zinazotumia oili. Ukiiwasha hivyo, inasaga chuma kwa chuma. Kazi hii ifanye mwishoni, propela ikiwa imeshafungwa na swichi zote za moto wa plagi zimezimwa. Jaza oili tangini, karibu lita 3, na iwe aina inayofaa giaboksi, kwa sababu giaboksi inatumia oili hiyo hiyo. Toa plagi moja katika kila silinda na uvue nyaya za zile zilizobaki. Chomoa mpira wa kurudishia pale tangini, uelekeze kwenye chombo safi, na uzibe mdomo wa tangi uliobaki wazi. Kwenye tundu la tangi la kupumulia unganisha hewa ya kompresa iliyopunguzwa, isizidi bar 1. Kompresa ya fundi pancha inafaa mradi iwe na regyuleta nzima yenye geji inayosema kweli.

Kisha zungusha propela kwa mkono, taratibu, upande wake wa kawaida. Ukikaa kiti cha rubani ni kufuata mshale wa saa. Usiirudishe nyuma, maana kuirudisha kunavuta hewa kuingia kwenye tapeti, yaani unafuta kazi uliyoifanya. Kwa kawaida kwenye mizunguko kama 20 geji ya oili inapanda. Sindano isiponyanyuka, kuna kiungo kinachovuta hewa. Punguza hewa ya tangi polepole kabla ya kugusa kifuniko, la sivyo oili itakurukia usoni.

Hatua ya 4: maji

Hapa nitapita haraka. Chupa ya upanuzi yenye kifuniko cha bar 1.2 ikae mahali pa juu kuliko mfumo wote wa maji, ili hewa ipande yenyewe na kutoka. Rejeta ipate upepo wa mbele. Mtu atakuambia Tanga hakuna barafu, weka maji ya bomba. Kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, kwetu kazi yake ni nyingine: inazuia alumini isiliwe na kutu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa.

Hatua ya 5: petroli

Kama una siku tano za kazi, tatu zitumie hapa.

Mpangilio ni huu: tangi, vali ya kufunga, chujio, kikombe cha kunasa maji kikiwa mahali pa chini kuliko pote, pampu ya umeme, pampu ya injini, kisha kabureta mbili. Kutoka kwenye kabureta kuna mpira mwembamba wa kurudisha petroli tangini kupitia tundu dogo sana. Usiuache huo ukidhani ni wa ziada. Februari hapa joto la mchana linafika nyuzi 32, na ndege ikizimwa juani baada ya kuruka, joto la injini linapanda kwenye mipira na petroli inageuka mvuke. Mpira wa kurudisha ndio unaoutoa mvuke huo.

Mipira iwe ya daraja la SAE 30R9 au bora zaidi, na upande wa injini ivalishwe kava la kuzuia moto. Klempu ziwe za kamba nzima. Zile zenye matundu zinakata ngozi ya mpira. Mtengenezaji anataka mipira yote ibadilishwe kila miaka 5. Andika tarehe ya kufunga kwenye kibandiko, na kwa mazingira yetu ya jua na chumvi mimi naibinya kwa vidole kila mwezi. Ikiwa migumu au inanata, sisubiri tarehe.

Sasa kipimo cha mtiririko, ambacho nakuomba usikiruke hata kama kila kitu kinaonekana kizuri. Injini hii kwa nguvu zote inakunywa kama lita 27 kwa saa. Mfumo wa pampu unatakiwa uweze kupeleka asilimia 125 ya hiyo, yaani karibu lita 34 kwa saa, ambayo ni lita 5.6 hivi kwa dakika 10. Inua pua ya ndege kwenye pembe ya kupanda kwa ukali kabisa, tangi likiwa na petroli kidogo, chomoa mpira kwenye kabureta, uelekeze ndooni, washa pampu ya umeme na ushike saa. Fanya kazi hii nje, mbali na moto wowote, ndege ikiwa imeunganishwa na ardhi na mtungi wa kuzimia moto uko mkononi mwa mtu.

Mara ya kwanza tulipopima, mpwa wangu ndiye aliyekuwa na saa.

"Mjomba, dakika kumi zimeisha. Ndoo haijafika hata lita tatu."

"Pima tena, mwanangu."

Alipima tena: lita 2.9. Kwa hesabu ni lita 17 kwa saa. Injini ingewaka, ingenguruma vizuri chini, ingetembea kwenye njia bila kukohoa, kisha ingekosa petroli tukiwa juu ya minazi. Chujio lilikuwa safi, vali wazi, pampu nzima. Tukaanza kuchomoa kipande kimoja kimoja na kupuliza. Tukafika kwenye kipande kifupi kinachovuka ukuta wa moto, kipya, nilichokifunga mimi mwenyewe. Nilikipasua kwa wembe kwa urefu. Ndani, sentimita mbili toka nchani, kulikuwa na ulimi wa mpira wenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Ukingo mkali wa kiungo cha chuma ulikuwa umeuchuna nilipokuwa nausukuma mpira mkavu kwa nguvu. Petroli ikipita polepole ulimi unalala. Ikipita kwa kasi unasimama na kuziba njia. Kwa nje mpira ule ulikuwa hauna hata alama.

Tangu siku hiyo utaratibu wetu ni huu. Mpira unakatwa kwa kisu kikali na si msumeno. Ukingo wa kila kiungo unasuguliwa kwa msasa mwembamba hadi usikwaruze kidole. Tone moja la oili ndani ya mpira, kisha unausukuma huku ukiuzungusha. Kisha unachungulia ndani kwa tochi kutoka upande wa pili, kabla ya klempu. Na ndoo haiepukiki.

Hatua ya 6: kabureta na hewa

Kabureta ni mbili, moja kila upande, na kila moja inalisha silinda mbili. Zisipofunguka sawasawa injini inatetemeka, na mtetemo huo unakula giaboksi. Kebo mbili za akselereta ziwe na urefu sawa na mikunjo inayofanana. Rekebisha kwanza kwa macho, vali zote mbili zianze kunyanyuka kwa wakati mmoja. Injini ikishawaka, rekebisha tena kwa geji mbili za kupima mvuto wa hewa wa kila kabureta.

Fahamu pia jambo linalowashangaza mafundi wa magari: springi za kabureta hizi zinavuta kuelekea kufungua. Kebo ikikatika injini haizimi, inapanda hadi nguvu zote. Rubani alijue hili kabla, na ajue kwamba atakapohitaji kushuka ataipunguza kwa swichi za moto.

Chini ya kila kabureta kuna sinia la kukinga matone ya petroli, kwa sababu bomba la moshi liko chini yake. Sinia liwe na mpira wa kutolea nje ya kava la injini, mbali na moshi. Na usiniambie barafu haihusu pwani. Petroli ikigeuka mvuke ndani ya kabureta inapoza hewa kwa nyuzi nyingi, na hewa yetu imejaa unyevu. Barafu inaweza kuota kwenye kabureta hata siku ya nyuzi 30, hasa ukishuka na akselereta imefungwa. Funga kifaa cha kupasha joto kabureta.

Hatua ya 7: umeme na moto

Injini ina mifumo miwili ya moto wa plagi inayojitegemea, na swichi zake zinafanya kazi kinyume na za gari. Kuzima ni kuunganisha waya na ardhi. Maana yake waya wa swichi ukikatika, moto unabaki hai hata swichi ikisema umezima, na mtu akizungusha propela kwa mkono injini inaweza kushika. Kabla propela haijafungwa, pima kila swichi kwa mita: ikiwa imezimwa lazima mita ionyeshe waya umeungana na ardhi. Tikisa waya wakati unapima. Sindano ikicheza, kiungo kile kikatwe kifungwe upya.

Nyaya nunua zile za nyuzi za shaba zilizopakwa bati, wanazotumia watu wa boti. Shaba tupu kwa chumvi yetu inageuka kijani ndani ya ganda, na hutaiona. Regyuleta inapata joto sana, iweke inapopita hewa baridi, mbali na bomba la moshi.

Hatua ya 8: moshi, propela, waya wa usalama

Mabomba ya moshi yanaunganishwa kwa vifundo vya mviringo vinavyoshikwa na springi. Paka grisi ya joto kali kwenye vifundo ili vicheze, na pitisha waya ndani ya kila springi ili ikikatika isidondoke. Propela ifungwe kwa toki aliyotoa mtengenezaji wa propela, si wa injini.

Bolti zisizo na nati ya kujifunga, pamoja na plagi ya sumaku ya oili, zifungwe waya wa usalama wa milimita 0.8. Sokota mara 6 hadi 8 kwa kila inchi. Waya uvute upande wa kukaza: jaribu kichwani mwako kulegeza bolti, na ukiona waya unalegea nawe, umeufunga kinyume, ukate. Kunja ncha yake ndani isije ikachana mkono wa anayekuja kukagua.

Kuwasha mara ya kwanza

Funga mkia kwa kamba kwenye kigingi imara, weka magogo kwenye magurudumu. Mtu mmoja asimame pembeni na mtungi wa moto, na mwingine kazi yake iwe watoto tu, kwa sababu mtaa mzima utakuja kuangalia. Hakuna anayesimama mbele ya propela wala kwenye mstari wa mzunguko wake.

Washa, na jicho lako liwe kwenye geji ya oili peke yake. Shinikizo lisipopanda ndani ya sekunde 10, zima. Likipanda, iache kwenye mizunguko 2000 kwa dakika mbili, kisha 2500 hadi oili ifike nyuzi 50. Halafu panda hadi 4000 na ujaribu kila mfumo wa moto peke yake: kushuka kusizidi mizunguko 300, na tofauti ya mifumo miwili isizidi 115. Kwa siku ya kwanza inatosha. Zima.

Tandika karatasi nyeupe chini ya injini, kava likiwa limefunguliwa, na uiache hadi asubuhi. Maji ya kijani, oili, petroli, kila kimoja kina rangi na harufu yake, na karatasi itakuonyesha kiungo kipo juu ya doa gani. Asubuhi angalia mistari ya rangi nyekundu nati kwa nati, kaza klempu za maji ambazo zimelegea baada ya mpira kupata joto, ongeza kulanti kwenye chupa maana itakuwa imeshuka, fungua chujio la petroli utazame uchafu. Andika yote kwenye daftari, kisha washa tena na utandike karatasi nyingine. Sisi ilituchukua karatasi nne hadi moja ilipobaki kavu, na ndipo tulipofunga kava.